Kumtafutia mjomba kwale: shajara ya mradi, Juni hadi Septemba 2025

Jumamosi, 14 Juni

Naanza kwa kuandika mradi wenyewe, maana najijua: ikifika Agosti nitakuwa nimeshasahau nilikuwa natafuta nini.

Mjomba ana bunduki ya marisau, mitutu miwili, inalala kabatini chini ya kufuli mbili na kibali chake kiko hai. Tulipokuwa wadogo, Jumamosi nyumbani kwao Nyakato, Mwanza, ilinukia kwale wa kuchemshwa na nyanya chungu. Mwezi uliopita tukiwa msibani akanivuta pembeni. "Mjomba, magoti yangu yamebakiza msimu mmoja. Nitafutie kwale." Nikamwambia sawa, ila mwaka huu hakuna kufyatua hata risasi moja. Mwaka huu ni kujua wako wapi, wako wangapi, na sheria inaruhusu nini. Akanitazama kidogo, kisha: "Haya, wewe ndiye msomi." Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Vifaa: darubini ya mtumba niliyoipata soko la Mlango Mmoja (jicho la kushoto lina ukungu, nimeshazoea kufumba), daftari hili, simu ya kurekodia sauti, pikipiki.

Leo nimeanzia kwenye uwanja wake wa zamani, upande wa Kisesa. Alinichorea ramani nyuma ya bahasha ya kadi ya harusi: mbuyu, korongo, shamba la pamba, kichaka. Mbuyu nimeupata. Korongo limegeuka mtaro wa maji machafu. Palipokuwa na shamba na kichaka pana duka la vifaa vya ujenzi na vijana wanaoosha magari. Kwale sifuri. Nilipompigia kumpa taarifa aliuliza kitu kimoja tu, tena mara mbili: "Lakini mbuyu upo?"

Jumapili, 15 Juni

Simu ndefu na binamu aliyeko South Dakota. Amekuwa mwindaji tangu ahamie huko, na ndege wao mkubwa ni fezanti, yule mwenye shingo ya kijani na mkia mrefu kama ufito. Nilidhani atanifundisha mbinu za mbwa na bunduki. Yeye akasema: "Usitafute ndege. Tafuta nyasi zilizoachwa."

Alieleza hivi. Tangu 1985 serikali ya Marekani ina mpango wa kuwalipa wakulima kwa mwaka ili sehemu ya ardhi yao waipumzishe chini ya nyasi. Nyasi ziliporudi, fezanti wakaongezeka, na mwindaji mwenye akili anaanza kwa kuuliza mashamba yaliyo kwenye mpango huo yako wapi. Fezanti mwenyewe kule ni mgeni: alitolewa China, akaachiwa Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880, na South Dakota ikafungua msimu wake wa kwanza mwaka 1919. Kwa grausi, ndege mwingine wanaomwinda kule, hadithi inafanana. Kuna mmoja wa msituni ambaye dume lake hupanda juu ya gogo na kupiga mabawa hewani mpaka inasikika kama ngoma ya mbali, na huyo anafuata msitu mchanga, miti iliyochipua baada ya kukatwa au kuungua. Msitu ukizeeka anahama.

Grausi hatuna Afrika, na fezanti wa porini pia hatuna. Lakini kwale ni wa ukoo huohuo mmoja, yeye na tombo na hata jogoo anayeniamsha.

Jambo moja nimelipigia mstari. Kule wanaruhusiwa kupiga majogoo tu. Jogoo mmoja wa fezanti anahudumia majike wengi, na rangi zao hazifanani, kwa hiyo unaweza kupunguza majogoo bila kuua kizazi. Kwale wetu wakubwa wanaishi wawili wawili, dume na jike, na ukiwa mbali huwezi kuwatofautisha. Ukipiga mmoja umevunja nyumba. Lazima idadi ijulikane kwanza.

Jumamosi, 21 Juni

Nimevuka kwenda Sengerema kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa juzi tu. Kilomita 3 za upepo mtupu. Nilisimama kupiga picha kama watu wengine wote, nikafika mashambani saa nne asubuhi, jua limeshachoma. Ndege sifuri. Kosa langu mwenyewe: saa nne kwale ameshanywa, ameshakula, amelala kivulini anakucheka.

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimekamatwa.

Kijiji kiko Misungwi, jina naliacha kwa heshima. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikaegesha pikipiki chini ya mwembe, nikajibanza nyuma ya kichuguu na darubini shingoni nikingoja sauti za kwanza. Sikuwa nimepita kwa mtendaji wa kijiji wala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilijiambia nitaripoti kukishakucha.

Kwanza ilipigwa filimbi moja. Kisha nyingine nyuma yangu. Dakika tano hazikupita nimezungukwa na sungusungu saba, fimbo mkononi, mmoja na mshale. Wiki iliyopita walikuwa wameibiwa ng'ombe wanne.

"Unatafuta nini hapa?"

"Kwale, wazee."

Kimya. Halafu mmoja akacheka, na kicheko chake hakikunifariji hata kidogo. "Kwale gani anatafutwa na darubini gizani?"

Nikapelekwa kwa mwenyekiti, mzee mfupi aliyekuwa bado anafunga shati. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza ukoo wangu, akauliza wa mama, akauliza kazi. Mwisho akasema, "Kama kweli unajua kwale, hebu lia kama kwale." Sijui kulia kama kwale. Nikatoa simu, nikafungulia sauti niliyoipakua wiki iliyopita, ule mkwaruzo kama mlango wa bati unaovutwa kwa nguvu, mara nne, ukishuka mwishoni.

Kwale akajibu. Hapohapo, kwenye viazi nyuma ya choo cha mwenyekiti.

Sungusungu wote waligeuza shingo. Yule wa mshale akasema polepole, "Kumbe huyu ni mwendawazimu tu, si mwizi." Nikaachiwa, nikapewa chai. Kwenye daftari la wageni nimejiandikisha kwa herufi kubwa, na kuanzia leo kila kijiji ninachokwenda napita kwa mtendaji siku moja kabla, mchana, nikiwa na kitambulisho.

Mwenyekiti ndiye aliyenipeleka kwa jirani yake, mama anayevuna viazi. Nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka mayu." "Mwangaluka." Nikamweleza. Hakushangaa. Alisema wawindaji hawajui kwale wanakaa wapi kwa sababu wawindaji wanatembea. Yeye ameinama shambani mwezi mzima, ndege wanamsahau. Akanionyesha mwisho wa tuta.

Niliinama naye, na nilichokiona kwenye hatua tatu za udongo nakiandika chote. Vishimo vidogo kama vya kidole gumba, vimechokolewa kwa pembe moja, udongo umerushwa upande wa nyuma. Kwenye kila kishimo kuna ganda jeusi la ndago, limepasuliwa vizuri, kiini kimetolewa. Ndago ile ile inayomvunja mgongo mkulima ndiyo chakula cha kwale. Anaifukua kwa mdomo wakati ardhi imekauka na mbegu za juu zimekwisha. Kinyesi kama cha kuku lakini chembamba, kimejikunja, ncha nyeupe. Na chini ya mnyaa, pale ua unapotoa kivuli, kishimo cha duara cha vumbi laini kama unga wa muhogo, na nyoya moja la kifuani lenye michirizi. Hapo ndipo anapooga. Vumbi linamtoa utitiri.

"Wanalala wapi, mama?"

Akanyoosha mkono upande wa magharibi. "Kwa mzee mwenye ngitili."

Jumamosi, 12 Julai

Ngitili. Neno hili nimekua nikilisikia na sikuwahi kulifikiria.

Kwa asiye wa huku: ni eneo la malisho ambalo Msukuma analifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, nyasi zinakua mpaka kiunoni, na kiangazi kikikolea linafunguliwa kidogo kidogo kwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na wale waliodhoofu. Ni akiba ya nyasi, kama wengine wanavyoweka akiba ya mahindi. Ufyekaji wa miti na mashamba ya pamba vilizimaliza nyingi, na mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza kuirudisha ardhi iliyogeuka jangwa, ulikuja kugundua kwamba dawa ilikuwa tayari kwenye mila za wenyeji. Ngitili zikafufuliwa kwa maelfu ya hekta.

Mwaka 1985 Marekani, mwaka 1986 Shinyanga. Nimemtumia binamu ujumbe: *nyasi zako zilizoachwa nimezipata, sisi tuna jina lake.*

Ngitili ya mzee huyu ni ekari kama kumi na mbili. Upande mmoja ua wa minyaa uliopandwa na baba yake, upande mwingine korongo kavu, katikati migunga na vichaka vya kupauka, na mpakani moja kwa moja ni viazi vya yule mama na mtama wa ndugu zake. Nilipouona ule mpaka nilikaa chini. Kila kitu anachohitaji kwale kiko ndani ya hatua mia mbili: ndago kwenye matuta, mtama uliodondoka, majani marefu ya kutagia na kujificha mwewe, miti ya kulala usiku, na lambo la maji nyuma ya kilima.

Mzee ana miaka themanini na kitu. Hana simu, na ana maswali. Aliuliza kama nimetumwa na watu wa kuchukua ardhi. Nikamwambia nimetumwa na mjomba. Akauliza mjomba anataka nini. Nikasema kwale. Akafikiri. "Mjomba wako alikuwa na gari la kijani?" Alikuwa nalo, pikapu, lilikufa 1991. "Basi namjua. Alikuwa akipita, akiomba ruhusa kwanza." Akainuka, akaniletea michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, ya kuchemsha kwenye sahani ya bati, nikajua ruhusa imepatikana.

Anachosema kuhusu kwale: anawaacha kwa sababu wanakula mchwa na ndago. Anachosema kuhusu watoto wa kijiji na manati zao hakiandikiki.

Jumamosi, 19 Julai, hadi Jumatatu, 21

Asubuhi tatu za kuhesabu. Utaratibu nimeubuni mwenyewe, kwa hiyo mapungufu yake ni yangu.

Vituo vitatu: kona ya minyaa, kichuguu cha katikati, ukingo wa korongo. Nafika saa kumi na moja na nusu, nakaa dakika kumi bila kujikuna. Saa kumi na mbili na dakika ishirini mbingu inakuwa ya kijivu na wa kwanza anaanza. Mpaka jua linapochomoza, kama dakika thelathini na tano baadaye, wote wanaotaka kulia wameshalia. Baada ya hapo ni mmoja mmoja, na ukianza kuhesabu hao utamhesabu ndege yuleyule mara nne. Kwenye daftari nachora duara, mimi katikati, na kila sauti napiga mshale kuelekea ilikotoka. Mishale miwili iliyokaribiana mno naihesabu moja.

Nimetambua aina mbili kwa uhakika. Wa kwanza ni yule wa mkwaruzo wa bati: mkubwa, koo tupu jekundu, miguu myekundu, kipi nyuma ya mguu kama jogoo. Wa pili ni mdogo, kichwa cha rangi ya ufuta uliokaangwa, kifua cha mistari, na anajiita jina lake mwenyewe la Kiingereza, coqui: ko-ki, ko-ki, ko-ki, kwa sauti nyembamba kama filimbi ya mtoto. Mjomba hana haja naye. "Huyo ni wa kusikiliza," ndivyo alivyosema.

Wakubwa: asubuhi ya kwanza mishale tisa, ya pili saba, ya tatu tisa. Lakini mshale mmoja ni nyumba, wala si ndege mmoja, kwa sababu dume na jike hukaa pamoja na wakati huu wana watoto wakubwa. Kwa hiyo jioni zote tatu nikajibanza juu ya lambo, wanakokuja kunywa kabla ya kupanda mitini. Jioni iliyokuwa nzuri kuliko zote: ishirini na watatu.

Nimempigia. "Ishirini na tatu? Si mbaya," akasema, na nikasikia anatabasamu.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda Lamadi kwa ajili ya ndege mmoja, na nimempata kandokando ya barabara kabla hata sijafika lango la Ndabaka. Kwale wa kifua kijivu, koo la rangi ya chungwa bivu, mistari ya kahawia ubavuni. Huyu ni wa Serengeti na nyika za kusini mashariki mwa ziwa. Duniani kote makazi yake ni kipande hiki tu na kidogo kuvuka mpaka wa Kenya. Watatu walikuwa wanachokoa kinyesi cha tembo barabarani. Watalii walipita na magari yao, vumbi likatufunika mimi na kwale, hakuna aliyesimama. Simba wako mbele.

Nimetoa darubini na nimekaa saa nzima. Huyu nisingempiga hata ningepewa leseni. Naandika hapa ili mjomba asome.

Kuhusu leseni sasa, maana ndiyo ilinipeleka kwa watu wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, wiki hii. Watu wengi wanadhani sheria ya wanyamapori ni ya tembo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inamgusa hata kwale: bila leseni ya uwindaji, kwale mmoja ndani ya mfuko ni kosa. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji kabisa, hiyo haina mjadala, na kwenye pori la akiba huingii bila kibali. Mitego, sumu, kumulika na tochi usiku, kufukuza na gari, vyote marufuku. Mjomba nilipomsomea orodha hiyo alikubali kila kitu, ila kwenye tochi akakohoa.

Ofisini niliulizwa swali moja ambalo sikuwa na jibu la kuandika kwenye fomu: eneo gani, na wako wangapi? Nimetoka nimefurahi. Ndilo swali la shajara hii.

Jumamosi, 9 Agosti

Jaribio la mbwa. Jina lake Kamanda, wa kukodi, mwenye mbwa aliapa kwamba ananusa kwale kwenye hatua hamsini. Labda. Alichofanya ni kukimbia moja kwa moja katikati ya ngitili akibweka. Kwale wote wakaruka wakiwa mbali, wakashuka ng'ambo ya korongo. Kisha akafukuza mbuzi. Shilingi elfu kumi zimekwenda. Binamu anasema mbwa wao wanafundishwa miaka miwili kusimama kimya na kuonyesha kwa pua. Kamanda hajafundishwa hata kukaa.

Jumapili, 17 Agosti

Kanga! Jioni kwenye lambo, kundi limeshuka kutoka kilimani mstari mmoja, vichwa chini, wakikimbia kama wanafunzi waliochelewa. Kiangazi ndiyo wakati wao wa kukusanyika. Mvua zikianza watagawanyika wawili wawili. Nimehesabu arobaini na mmoja. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nimeandika *41* nikazungushia duara mara mbili.

Akatokea mtoto wa miaka tisa hivi na kikombe cha mtama. Akaita, "Ti-ti-ti-ti." Kumi na wawili kati ya kanga zangu wakajitenga na kundi, wakamfuata nyumbani.

Ni wa mama yake. Mayai yaliokotwa porini miaka miwili iliyopita, yakaatamiwa na kuku, na vifaranga wakakua wakiamini ni kuku mchana na kanga jioni. Kila siku wanakwenda kunywa na ndugu zao, kisha wanarudi. Basi, ishirini na tisa. Mtoto aliniuliza kama nitawapiga. Nikasema hapana. Akasema, "Wa kwetu wana uzi mwekundu mguuni," kisha akafikiri akaongeza, "wengine umekatika."

Hilo limemaliza habari ya kanga kwa upande wangu. Aliyesimama mbali ameshika bunduki hawezi kuona uzi. Nimewafuata wale wa porini mpaka mgunga wanaolala, juu kabisa, wamebanana kama vibuyu. Kuwapiga pale kungekuwa rahisi kuliko kuangusha maembe, na mjomba ana jina lake la Kisukuma kwa mtu anayefanya hivyo.

Pembeni: tombo sijaona hata mmoja. Wale wadogo wenye mistari hufuata mvua na majani mabichi, kiangazi wanahamia kwingine. Ng'ambo ya mpaka, Siaya, wazee huwanasa kwa kuning'iniza vitundu vya tombo wanaoimba juu ya miti mirefu, wenzao wanashuka kuitika na kuingia mitegoni. Hapa sijakutana na anayefanya hivyo.

Jumamosi, 30 Agosti

Moto.

Nilipofika njia panda niliona ardhi nyeusi. Upande wa korongo wote, ekari tano hivi, umeungua Jumatano usiku. Hakuna aliyekiri. Wengine wanasema mrina asali, wengine mchungaji aliyetaka majani mabichi ya kuchipua, wengine kijana aliyekuwa anachoma masalia ya pamba na upepo ukamzidi. Kila mwaka masalia lazima yang'olewe na kuchomwa ili funza asipate pa kukaa mpaka msimu ujao, na kila mwaka moto wa mtu mmoja unavuka kwenda kwa mwingine.

Nimetembea juu ya majivu. Kiatu kinazama, kinatoa moshi kidogo bado. Kobe mmoja, gamba tu. Kwenye kichaka kilichobaki kisiki nimekuta maganda ya mayai manne, meupe yenye vumbi la pinki, yamepasuka kwa joto. Kiota cha kuchelewa. Anatandika majani machache tu kwenye kishimo cha ardhini, na jike hulalia mpaka mwisho.

Mzee alikuwa amekaa mlangoni. Hakusema habari za moto. Alisema mwaka huu hatafungua ngitili kwa ng'ombe, hata wale wa kunyonyesha, atanunua pumba. Najua bei ya pumba.

Hesabu ya asubuhi: mishale sita. Ya jioni: kumi na wanne.

Jumamosi, 13 Septemba

Mjomba amekuja. Nilimkatalia pikipiki, tukakodi gari aina ya Noah mpaka kijijini, tukalala kwa mwenyekiti, ambaye usiku kucha alisimulia nilivyokamatwa, na kila aliposimulia sungusungu waliongezeka. Mara ya mwisho walifika ishirini.

Saa kumi na moja na nusu nilimketisha kwenye kigoda kwenye kona ya minyaa, blanketi magotini. Bunduki imebaki Nyakato. Mimi na daftari, yeye na mikono mitupu. Giza lilipoanza kuyeyuka nikasikia wa kwanza, nikapiga mshale. Wa pili, wa tatu. Jua likatoka. Nilimwonyesha: mitatu. Kituo hiki siku hizi ni mitatu.

Yeye alikuwa amekunja vidole vitano.

"Hao wawili umewasikia wapi?"

"Mmoja hakulia," akasema. "Aliguna tu, kule chini ya mkwaju, kabla ya wote. Jike anaguna hivyo akiwa na watoto. Na mwingine yuko mbali, zaidi ya lambo. Wewe unasikiliza kwa kalamu, mjomba."

Tulikaa mpaka saa mbili. Alikuwa sahihi kuhusu mkwaju. Walitoka kwa mstari: jike mbele, amenyoosha shingo, koo jekundu likiwaka kwenye jua la chini, watoto watatu wa ukubwa wa njiwa, dume nyuma. Wakavuka njia hatua kumi kutoka kwenye viatu vyetu, wakasimama kwenye matuta ya yule mama, wakaanza kufukua ndago. Nilisikia maganda yakipasuka. Mjomba alikuwa ameinua mkono wa kushoto mbele yake, wa kulia umekunjwa begani, hana habari kwamba ameinua. Akaushusha taratibu.

Mzee mwenye ngitili alitukuta na michembe. Wakaamkiana, wakakumbushana pikapu la kijani. Mjomba akaniuliza kwa sauti ya kazi, "Wote ni wangapi?"

"Kumi na wanne. Na hawa wako wawili, kumi na sita."

"Chini ya thelathini hatugusi." Kisha akamgeukia mzee. "Nyasi zitarudi lini?"

"Mvua mbili. Kama ng'ombe hawataingia upande wa korongo, maana ule upande hauna ua."

Wakaondoka wawili kwenda kuangalia upande wa korongo, mjomba ameshika fimbo ya mzee, mzee hana fimbo. Walichelewa kurudi. Waliporudi walikuwa wameshapima kwa hatua: mia moja na arobaini. Mnyaa mmoja kila hatua, vipandikizi vikatwe kwenye ua wa zamani, viachwe kivulini siku chache mpaka utomvu ukauke, vipandwe mvua za kwanza zikigusa ardhi.

Fomu ya leseni nimeirudisha kwenye bahasha.

Safari ijayo 18 Oktoba. Vya kubeba: panga mbili, glavu, maji ya kunawa, miwani ya fundi wa kuchomelea kwa kila mtu kwa ajili ya utomvu wa mnyaa, pumba gunia mbili (mjomba analipa), na kigoda chenye mgongo.